Bi Wembe na Chura Aliyefumba Macho Akila

Mto umejaa?
— Umejaa, tuvushe.
Daraja lipo?
— Halipo. Ulimi wako ndio daraja.
Basi nishikeni mkono, asiteleze mtu.

Kabla sijaanza nina jambo la kutubu. Mwaka juzi niliwasimulia kina mama wa kwaya hadithi hii, nikawaambia chura alipasuka, pwaa, akafa palepale. Hakufa. Niliongeza chumvi kwa sababu walikuwa wanasinzia. Mungu anisamehe, na Mama Kilua, uliyelia siku ile, nisamehe na wewe. Leo naisimulia kama nilivyoipokea kwa bibi yangu, na bibi alikuwa hadanganyi, ila kwenye umri wake.

Hapo zamani, kwenye mto ule unaoshuka kutoka milimani na kupita chini ya mashamba ya miwa, alikuwepo kerengende akiitwa Bi Wembe. Simsemi yule kerengende mnene anayevuma kama mashine ya kusaga na kukaa mabawa wazi kama nguo iliyoanikwa. Huyu alikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Akitua, anakunja mabawa yake mgongoni, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu cha nyimbo. Mumewe aliitwa Uzi. Uzi alikuwa wa buluu, mzuri kweli, na mwoga kuliko wote mtoni.

Siku hiyo Bi Wembe alikuwa na mayai tumboni. Ilikuwa lazima atage siku hiyohiyo, maana kerengende wa aina yake haishi siku nyingi akiwa na mabawa, na jua likifunikwa na wingu mwili unalegea, hawezi hata kupanda jani. Na wingu lilikuwa limeshatokeza kichwa nyuma ya mlima.

Tangu asubuhi walikuwa wanatafuta mahali. Walikwenda juu, kwenye maporomoko. Bi Wembe akatazama, akasema, "Hapa maji yana hasira, watoto watapondwa kwenye mawe." Wakaruka, firi firi firi.

Walikwenda chini, penye mawe ya kufulia. Bi Wembe akatazama, akasema, "Hapa maji yana sabuni, watoto watakohoa." Wakaruka, firi firi firi.

Walikwenda mpaka kwenye mfereji wa mpunga. Bi Wembe akatazama, akasema, "Hapa maji yamelala, na wiki ijayo yatakauka. Watoto wetu hukaa majini miezi na miezi kabla ya kuota mabawa. Watakauka nayo." Wakaruka, firi firi firi.

Pakabaki mahali pamoja. Kona ya Matete. Pale maji yanatembea bila kukimbia, jua linaingia, matete ni laini, ukitoboa kwa mkia yanapokea yai kama mto wa kulalia unavyopokea kichwa cha mgonjwa. Bi Wembe mwenyewe alizaliwa pale. Dada zake watatu pia.

Lakini pale alikaa Mzee Bofu.

Mzee Bofu alikuwa chura. Akikaa juu ya jiwe, jiwe halionekani. Mdomo wake ulianzia sikio hili ukaishia sikio lile, na ulimi umekunjwa humo ndani ukingoja. Alikuwa ameweka sheria: anayetaka matete ya kona sharti ashuke kwanza mpaka mbele yake, ampe shikamoo. Na waliokwenda kutoa shikamoo hawakurudi kueleza ilipokelewaje. Dada watatu wa Bi Wembe walikwenda, mkubwa, wa kati na mdogo. Yaliyobaki yao ni maganda tu, yale waliyoyavua siku walipotoka majini kuota mabawa, bado yameng'ang'ania kwenye tete, makavu, yana miguu na macho kama wenyewe, ndani hamna mtu.

Njiani Bi Wembe alimkuta Bi Panzi anaota jua, akiwa na mguu mmoja tu wa nyuma.

"Bi Panzi, habari za Kona?"

"Nzuri, mwanangu. Mzee Bofu hajambo. Mcha Mungu yule, sijaona mfano wake. Kila tonge anafumba macho na kushukuru. Kila tonge, nakwambia. Wangapi wanafanya hivyo siku hizi?"

"Na huo mguu wako mwingine?"

Bi Panzi akajitazama. "Niliusahau kwake."

"Uliusahau?"

"Niliondoka kwa haraka. Lakini aliushukuru vizuri sana. Alifumba macho muda mrefu."

Bi Wembe akageuka kulia, akageuka kushoto, maana macho yake yako pembeni mwa kichwa na akiwaza huwa anayazungusha yote. Kisha akasema polepole, "Anafumba yote mawili?"

"Yote mawili. Yanazama mpaka ndani. Unaona kabisa anazungumza na Mola."

Ukweli ni huu, na nimeuona kwa macho yangu mtoni: chura hana uchaji wowote. Akimeza, macho yake yanazama kichwani kwenda kusukuma chakula kooni. Ndivyo alivyoumbwa. Lakini wadudu walikuwa wanamsifu, na yeye akisifiwa hakatai. Nisimseme sana. Mimi nyumbani kwetu nilikuwa nafumba macho wakati wa sala ya chakula, na katikati ya sala nachungulia paja la kuku limewekwa upande gani.

"Uzi," Bi Wembe akasema, "tunakwenda Kona."

"Tunakwenda kutazama kwa mbali?"

"Tunakwenda kutaga."

Uzi akashika tete kwa miguu yote sita. "Mke wangu, mimi tumbo linauma."

"Wewe tumbo lako halina kitu. Langu lina watoto mia mbili."

Wakaruka, firi firi firi, wakatua juu kabisa ya tete refu pale Kona, mahali ambapo ulimi wa Mzee Bofu haufiki. Tete la pili lilikuwa jirani, lile lenye maganda matatu. Chini, Mzee Bofu amekaa kwenye jiwe lake, kidevu kinacheza, puku puku puku.

Sasa, desturi ya kerengende hawa ni kwamba mke akitaga, mume anamkamata shingoni kwa ncha ya mkia wake, asimwachie, mpaka kazi iishe. Ni desturi nzuri, ndoa nyingi zingepona. Lakini Bi Wembe akamwambia, "Leo niachie. Nenda kwenye lile tete la dada zangu. Nikisema mkubwa, tikisa ganda la juu lianguke. Nikisema wa kati, tikisa la pili. Na mdogo hivyohivyo."

"Na mimi nikianguka?"

"Utashukuriwa."

Uzi akaenda.

Bi Wembe akaita kutoka juu. "Mzee Bofu, hodi."

Mzee Bofu akainua macho. "Karibu, kijiti. Shuka utoe shikamoo. Mimi ni mtu wa watu."

"Tunashuka, mzee. Tuko wanne, ndugu wa tumbo moja. Ila kwetu mkubwa hutangulia. Wakimaliza dada zangu watatu, mimi nitafuata."

Hapo amedanganya. Uongo ni dhambi, kitabu kimesema. Mimi nasimulia tu, sikuwepo kumkataza.

Mzee Bofu aliposikia wanne, mate yalimtoka mpaka kwenye jiwe. "Watoto wenye adabu," akasema. "Shukeni, shukeni, mkubwa mbele."

"Haya. Dada mkubwa, shuka."

Uzi akatikisa, cha cha cha. Ganda la juu likaachia tete, likaelea hewani, miguu inachezacheza. Ulimi ukatoka, nyap! Ukarudi. Gulu. Macho yakazama, fumbu.

Chura akafumba, Bi Wembe akashuka. Teremka teremka teremka, robo ya tete.

Macho yakaibuka, pwi. Bi Wembe akasimama kimya, kama kijiti. Na chura, mjue, hana shida na kijiti. Chura anaona kinachotembea. Kisichotembea kwake ni ukuta.

"Mbona mkavu huyu?" Mzee Bofu akasema.

Uzi akajibu kutoka juu, "Ha-hajanywa maji tangu asubuhi, mzee."

"Ah. Pole yake. Mwingine."

"Dada wa kati, shuka," akasema Bi Wembe kwa sauti ya chinichini.

Cha cha cha. Nyap! Gulu. Fumbu.

Chura akafumba, Bi Wembe akashuka. Teremka teremka teremka, nusu ya tete. Pwi, macho yakaibuka. Bi Wembe kijiti. Sasa alikuwa usawa wa mdomo wenyewe, anaona mate yanavyong'aa, anasikia harufu ya mguu wa Bi Panzi.

"Mbona mwepesi huyu?"

"Amefunga, mzee," Uzi akasema. "Mcha Mungu. Kama wewe."

"Vizuri. Vizuri sana. Lakini wa tatu awe amekula."

Bi Wembe alikuwa karibu mno, akisema neno atasikika alipo. Akanyamaza. Akamwomba Mungu Uzi akumbuke mwenyewe. Uzi kule juu anasubiri aitwe. Haitwi. Anatazama chini, anamwona mkewe amesimama mbele ya mdomo kama mtu aliyesahau kilichompeleka. Mzee Bofu naye kaanza kuegemea mbele, pua inakaribia tete, inakaribia.

Uzi, yule mwoga, akafumba macho yake mwenyewe, akaita, "Dada mdogo, shuka, mzee anangoja!" Akatikisa tete zima kwa nguvu zote.

Cha cha cha cha. Nyap! Gulu. Fumbu.

Chura akafumba, Bi Wembe akashuka. Teremka teremka teremka, mpaka kwenye maji, na hakusimama. Akaingia, miguu, tumbo, mabawa, kichwa. Maji yakamfunika. Na hewa ikamshika mwili mzima, ikamvaa kama shati la fedha, akawa anapumua humohumo ndani ya shati lake. Msiniulize inawezekanaje. Nendeni mtoni mtazame. Aliyemuumba alimshonea na hilo.

Huko chini akaanza kazi. Tobo, yai. Tobo, yai. Tobo, yai. Moja kwa moja chini ya tumbo la Mzee Bofu.

Juu, macho yakaibuka, pwi. "Huyu wa tatu hana ladha kabisa. Naona utamu wamemwachia wa nne. Wa nne yuko wapi?"

Uzi akajisogeza nyuma ya tete.

"Wewe wa buluu, nakuuliza. Yule aliyesema atafuata yuko wapi?"

Uzi hakuwa na uongo mwingine. Wote aliokuwa nao umeisha. Akasema kweli. "Ameshapita, mzee."

"Amepita wapi?"

"Hapo mbele yako. Ulikuwa unashukuru."

Mzee Bofu alikuwa mlafi, hakuwa mjinga. Akatazama tete juu, hakuna. Akatazama tete chini, akaona pale linapoingia majini duara dogo linatawanyika. Akacheka, kwaa kwaa kwaa.

"Kijiti kimeingia majini," akasema. "Kijiti kitatoka majini. Kitatokea wapi? Kwenye tete kiliposhukia." Akashuka kwenye jiwe, akasogea, akaweka kidevu juu ya maji, tete likiwa katikati ya macho yake mawili. "Mimi sina haraka. Na akitoka, nitamla macho yakiwa wazi."

Uzi akaanza kulia. Na kwenye mlima, wingu limeshakula nusu ya jua.

Chini, Bi Wembe alikuwa amebakiza mayai kumi. Tobo, yai. Tobo, yai. Shati lake la hewa limeanza kumbana. Akatazama juu, akaona kidevu cheupe kimeziba mlango wake, kinacheza, puku puku puku. Akitoka ataliwa. Asipotoka atakufa maji. Akamalizia yai la mwisho kwanza, maana alikuja kwa ajili ya hilo.

Kisha akafanya jambo ambalo nikilifikiria hata leo nasimama kwa heshima. Akavua pumzi yake mwenyewe. Akasugua bawa kwa mguu, akabandua kipovu cha hewa kwenye shati lake, akakisukuma upande wa pili, mbali kidogo na tete.

Bwi. Kipovu kikapanda, kikaibuka juu ya maji, kinang'aa, kinacheza.

Mzee Bofu alikuwa ameapa hatafumba. Lakini kitu kimetembea. Ulimi wenyewe ukatoka, nyap! Gulu. Na macho yakazama, fumbu, maana huwezi kumeza ukiwa chura bila kufumba.

Chura akafumba, Bi Wembe akapanda. Panda panda panda.

Pwi. "Huyu ndiye? Mbona hana hata mifupa?"

Bwi, kipovu cha pili. Nyap! Gulu. Fumbu.

Chura akafumba, Bi Wembe akapanda. Panda panda panda, amefika karibu kabisa na uso wa maji, kidevu kiko hapa, kichwa chake kiko hapa. Amebaki na pumzi moja. Moja tu. Akiiachia na chura asifumbe, yamekwisha.

Akaiachia.

Bwi. Kipovu kikubwa, cha mwisho, kikaibuka na jua lililobaki ndani yake.

Nyap! Gulu. Fumbu.

Bi Wembe akatoa kichwa. Maji yakamng'ang'ania mabawa, yanamvuta kurudi. Uzi akateremka, wala sijui alipata wapi moyo, akatua mbele ya pua ya Mzee Bofu, akapinda mkia, akamkamata mkewe shingoni, kama desturi yao, akavuta. Vuta vuta vuta. Mabawa yakachomoka, pyu. Wakapanda wote wawili mpaka kwenye ncha ya tete, Bi Wembe akakunja mabawa yake mgongoni, taratibu, yakakauka kwa mwale wa mwisho wa jua.

Macho ya Mzee Bofu yakaibuka. Akawaona.

"Umetaga," akasema.

"Nimetaga, mzee. Asante kwa ukarimu. Na shikamoo."

"Marahaba. Sasa ninaingia majini kuyala mayai yako yote."

Akaruka, akapiga mbizi. Lakini tumboni mwake mna maganda matatu makavu na vipovu vitatu vya hewa, na kile cha mwisho kikubwa. Akazama kichwa, tumbo likabaki juu. Akasukuma kwa miguu, akageuka, tumbo likaibuka, bu. Akajaribu tena. Bu. Akajaribu mara ya tatu, maji yakamshika ubavu, yakamgeuza chali, yakaanza kumpeleka.

"Wewe kijiti," akapiga kelele akielea, "wewe ni mwongo!"

"Fumba macho, mzee," Bi Wembe akamwambia. "Shukuru. Umekula ndugu wanne leo."

Akapita penye mawe ya kufulia, bu, bu, bu, sabuni ikamwingia puani. Akafika mpaka mfereji wa mpunga, penye maji yaliyolala, akakwama hapo. Na mpaka leo yuko hapo, yeye na ukoo wake. Mkipita mashambani mvua ikinyesha mtamsikia anajaza koo hewa, anaitoa, anajaza, anaitoa: nimeshiba? nimeshiba? nimeshiba? Wenzake wanamjibu: bado, bado, bado.

Wingu likafunika. Bi Wembe na Uzi wakalala kwenye tete, miili imelegea, hakuna wa kuwagusa. Chini yao watoto mia mbili wameanza kukua ndani ya matete. Hata Bi Panzi alipopata habari alisema ni msiba mkubwa kumpoteza mcha Mungu kama yule, na kwamba mguu wake ulikuwa mahali salama.

Hapo ndipo ilipofika, na mkitaka kujua inatufunza nini, mimi darasa la saba nililirudia mara mbili, lakini hili nalijua. Inatufunza kwamba uongo hauna faida hata kidogo. Inatufunza kumheshimu mkubwa aliyekaa juu ya jiwe na kushuka upesi akikuita. Inatufunza mume asimwachie mke shingo hata siku moja. Na zaidi ya yote inatufunza kufumba macho wakati wa kushukuru chakula.

Nimewavusha?
— Umetuvusha.
Nani kalowa?
— Chura.

Basi Mama Kilua, leta hayo mahindi na huyo samaki, tuombe. Fumbeni macho, wote, yote mawili. Mimi nitafumba moja. La pili naliacha wazi niwalindie sahani.